Raba ya Kushoto

Pale Lulindi, akifa Mmakonde, hata kabla jeneza halijapigiliwa misumari, watu walikuwa wanaulizana: "Mama Isabela ameambiwa?" Mama Isabela ndiye Agatha, Mmakua, mwanamke mnene wa miaka arobaini na kitu, mwenye mdomo ambao hata padri alikuwa anaupisha njia. Na Wamakua na Wamakonde, kama ulikuwa hujui, ni watani. Mmoja akifiwa, mwenzake ndiye anayekuja kuchimba, kuzika na kuuchekesha msiba. Mtani anavaa nguo za marehemu, anaigiza alivyokuwa anatembea, alivyokuwa anakohoa, alivyokuwa anamgombeza mkewe, na wafiwa na machozi yao wanajikuta wanacheka. Akikuomba kitu siku hiyo, unampa. Akikutukana, unacheka. Ukikasirika, aibu ni yako.

Agatha alikuwa na lake moja ambalo watani wengine walikuwa hawaliwezi. Kaburi likishachimbwa, anashuka yeye kwanza. Analala chali kule chini, anakunja mikono kifuani, anasema, "Pazuri hapa. Sitoki mpaka mnipe kitu." Basi wafiwa watahangaika, huyu analeta kanga, yule anakimbiza kuku, na jeneza linangoja juani. Kuna mwaka alikaa humo mpaka padri mwenyewe akavua kofia yake akamrushia. Watu walicheka wiki nzima, na mjane akiwa wa kwanza.

Hayo yashike, yatakuja kuhitajika.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Jana yake tu watu walikuwa wanapanga foleni kutwa nzima kwa mche mmoja wa sabuni, leo kila mwenye miguu ni mfanyabiashara. Na ng'ambo ya Ruvuma, Msumbiji, vita vilikuwa vimekwisha karibuni. Watu walikuwa wanarudi kwenye vijiji vyao hawana chumvi, hawana sabuni, hawana nguo. Agatha akasema, wanangoja nini? Akafunga mzigo, akamchukua mdogo wake Dastani ambebee, wakapanda Newala, wakateremka ukingo wa uwanda hadi mtoni, wakavuka.

Dastani alikuwa kitinda mimba, mwanamume pekee wa tumbo lao. Kwa Wamakua mjomba si mtu wa kuja kula sikukuu na kuondoka. Watoto wa Agatha wakioa, mjomba. Wakigombana, mjomba. Mama yao alipokuwa anakata roho alimshika Agatha mkono akasema, "Huyo nimekuachia wewe," na hakusema jingine. Dastani alikuwa mtu mrefu, mpole, wa maneno machache, anayetembea bega moja limeinama na kisigino cha kulia kikigonga chini kwa nguvu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, viatu. Alikuwa na raba nyeupe za mitumba alizozipata mnadani Newala, na kila jioni anazisugua kwa mswaki. Hata wakilala Newala, mji ambao watu wanaoga kwa kikombe na maji yanafungiwa ndani kwa kufuli, yeye anaosha raba! Walikuwa wanagombana kwa jambo hilo karibu kila siku.

Safari mbili za kwanza zilikwenda vizuri. Ya tatu, mwezi wa tisa, Majaliwa mwenye mtumbwi aliwavusha asubuhi akawapa onyo lake lile lile. "Msitoke njiani. Hata haja ndogo, jisaidie hapo hapo njiani, mwenzako ageuke. Huko majanini kumezikwa mabomu, na aliyeyazika hakuweka alama." Wakaenda, wakauza, wakabadilishana sabuni kwa ufuta na nyama kavu. Siku ya nne wakawa wanarudi.

Saa tatu asubuhi, jua limeshaanza kuuma, Dastani akasema, "Dada, nasikia baridi." Agatha akampa vidonge vya klorokwini alivyokuwa navyo, akavitapika. Saa tano alikuwa anaongea na mama yao aliyekufa, anamwambia aanue nguo, mvua inakuja. Mbingu nyeupe, hakuna hata wingu! Saa sita akakaa chini katikati ya njia. "Dada," alisema, "miguu imekwisha." Na ilikuwa imekwisha kweli.

Mtoni kulikuwa bado mwendo wa masaa matatu kwa mtu mzima wa afya. Agatha alipiga kelele, akanyamaza kusikiliza, hakuna aliyejibu. Nchi ya watu, njia ya watu, hujui hata jina la kilima kilicho mbele yako, na wa pekee unayemjua amelala hapo macho yamegeuka. Kisha akautupa mzigo wote kando ya njia, ufuta na nyama, akampitisha Dastani mkono shingoni, akaanza kumburuta.

Alimburuta mpaka kwenye kijiji walichokuwa wanakipita kila safari bila kuona mtu. Kijiji ni neno tu. Kuta zilikuwa zimeungua, mikorosho haijapaliwa miaka mingi, matawi yamelala chini, korosho za mwanzo zinaozea majanini. Katikati ya hayo yote kulikuwa na nyumba moja ya udongo iliyosimama, yenye uwanja uliofagiwa. Mistari ya fagio ilikuwa imenyooka kutoka mlangoni hadi njiani, na juu yake hakuna unyayo hata mmoja. Hakuna kuku, hakuna kinu, hakuna moshi. Na barazani amekaa bibi kizee wa Kimakonde, wa zamani kabisa, chale usoni na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu, mikono mapajani, anawatazama wakija.

"Hodi, bibi. Shikamoo."

Bibi hakuitika marahaba. "Mmakua," alisema, kwa Kiswahili safi cha Newala. "Nimekunusa tangu ulipokuwa kule kwenye mkorosho. Unanuka panya wa kuchoma."

Mtu mwingine angeudhika. Agatha karibu apige kigelegele. Mtani! Ugenini, ndugu anamfia mikononi, na Mungu anampa mtani! Mdomo wake ukajibu kabla kichwa hakijafika. "Bora mimi ninayemla panya. Nyinyi mnamla na mtego wake."

Bibi akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kikakatika ghafla, kama mtu aliyesahau kinavyoendelea. "Basi wewe ni mtani wangu," alisema. "Umekubali?"

"Nimekubali, bibi. Nisaidie, ndugu yangu anaumwa."

Baadaye sana Agatha alikuja kujiuliza, tangu lini mtani akauliza kama umekubali? Lakini saa ile nani angefikiri hivyo. Walimlaza Dastani kivulini barazani. Bibi akaingia ndani akatoka na kibuyu cha maji, na maji yalikuwa baridi, matamu. Akasema Kiswahili alikipata Mkunya, huko Newala, alipokimbia vita vya Mreno. Akasema hapa anakaa peke yake. Akasema mengi, na huku anasema alikuwa anamtazama Dastani kuanzia kichwani hadi miguuni, taratibu.

"Kofia nzuri," alisema. "Naichukua."

Ilikuwa kofia ya pama, imechakaa. Agatha akatabasamu, maana hivyo ndivyo utani ulivyo. "Chukua, bibi, labda nawe utapata sura."

Bibi akaivaa. Dastani, ambaye alikuwa anaropoka bila kupumzika tangu njiani, akanyamaza. Agatha akashukuru, akasema afadhali apumzike.

"Na shati hili la drafti. Ana joto huyu, linamsaidia nini?"

"Chukua. Lakini huko kwapani litakubana, mwenzio hana maziwa."

Bibi akalivua polepole, akalivaa, akafunga vifungo vyote hadi cha shingoni. Dastani akaacha kutetemeka. Agatha akampapasa kifuani akajiambia homa inashuka, inashuka.

"Na raba."

Hapo Agatha alisita kidogo, kwa sababu alijua jinsi Dastani anavyozipenda. Lakini mtani hanyimwi. Bibi akapiga magoti, akafungua kamba, akazivua moja baada ya nyingine, akazivaa. Agatha alipoigusa miguu ya mdogo wake ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na ilikuwa saa nane mchana, jua la mwezi wa tisa.

Kisha bibi akasimama, akashuka uwanjani, akatembea. Bega moja limeinama. Kisigino cha kulia kinagonga chini, ta, ta, ta. Akafika mwisho wa uwanja, akageuka, akarudi. Akakohoa kikohozi cha Dastani, kile cha kukwangua koo mara mbili. Na akasema, kwa sauti ya mwanamume mchovu, "Dada, miguu imekwisha."

Agatha hakucheka. Yeye ndiye bingwa wa kazi ile, anajua kila mtani anavyojifunza mwendo wa marehemu, unamtazama miaka na miaka anavyopita sokoni, kanisani, kilabuni. Huyu bibi alimwona Dastani akiburutwa, hajapiga hatua hata moja. Alimwona wapi akitembea? Akautazama uwanja. Nyayo za raba zilikuwa zimechorwa vizuri mchangani, za kwenda na za kurudi. Za bibi mwenyewe, hata za wakati wa kufagia, hazikuwapo.

Na jambo jingine, jamani. Kuvaa nguo za mtu, kuigiza mwendo wake, hayo hafanyiwi mtu anayepumua.

"Ngoja nikachimbe," alisema bibi, akazunguka nyuma ya nyumba.

Agatha alijiambia ni mizizi ya dawa. Alikaa pale akimpepea Dastani kwa ncha ya kanga, anajiambia ni dawa, bibi wa watu anachimba dawa. Lakini jembe lina sauti yake. Anayechimba mzizi anapiga, anasimama, anapapasa, anapiga tena. Hili lilikuwa linakwenda sawasawa, bila haraka, na udongo unatua pembeni fungu moja moja. Sauti ile alikuwa anaijua hata usingizini. Akainuka, akazunguka nyumba.

Pembeni kulikuwa na matuta saba ya makaburi, yamebonyea. Mwisho wa mstari bibi alikuwa amesimama ndani ya shimo hadi kiunoni, na kofia ya Dastani kichwani. Shimo lilikuwa refu, la mtu mrefu. Kuta zake zilikuwa kavu na zimeota ukungu wa zamani. Halikuchimbwa leo. Alikuwa analisafisha tu.

"Bibi, hilo la nani?"

"La mtani wangu."

"Hajafa."

"Jua likigusa mkorosho ule atakuwa tayari." Akaonesha kwa kidevu. Jua lilikuwa limebakiza kipande kama cha mkono mmoja. "Mbona unatoa macho? Nimejiandaa mapema, ndivyo inavyotakiwa. Hawa wangu saba walikufa siku moja. Nilitafuta mtani wa kuwazika sikumpata, Wamakua wote wa huku walikuwa wamekimbia. Niliwazika mwenyewe, kimya kimya, hakuna aliyewachekesha. Tangu siku hiyo hawanipi usingizi. Nikawaambia, Mmakua wa kwanza atakayepita, nitamzika vizuri, nanyi huko chini muone inavyofanywa."

Alisema hayo bila ubaya wowote, kama mtu anayekueleza atakavyokupikia. Na hilo ndilo lililomtisha Agatha zaidi.

Hasira ilimpanda mpaka masikioni. Alitaka kumrukia, amvue ile kofia, amtukane matusi ya kweli. Akajizuia. Ukimkasirikia mtani, utani umekufa, na wewe ndiye uliyeuua. Huna tena cha kumwomba. Kukimbia? Na Dastani begani, mabomu kulia na kushoto? Alirudi nyuma hatua mbili, akatazama jua, akatazama matuta saba, akatazama lile shimo. Na mwili wake ukafanya wenyewe kitu pekee ulichojua kufanya mbele ya kaburi lililo wazi. Bibi alipotoka kupumua, Agatha akakusanya kanga zake, akaruka ndani.

Alitua kwa kishindo, mtu mnene yule. Akalala chali, akakunja mikono kifuani.

"Pazuri hapa," alisema. "Sitoki mpaka unipe kitu."

Juu kulikuwa na ukanda mmoja tu wa mbingu, na udongo ulikuwa baridi mgongoni, baridi isiyokuwa ya mwezi ule. Kisha kofia ya Dastani ikachungulia ukingoni.

"Toka. Hilo si lako."

"Sitoki."

"Wewe si kipimo chake. Umelijaza lote kwa mapana."

"Ndiyo uone kazi ya kunitoa. Bibi, uliniuliza kama nimekubali utani, nikakubali. Umeomba kofia nimetoa. Umeomba shati nimetoa, raba nimetoa, sijakunja uso. Sasa naomba mimi. Au wewe ni mtani wa kupokea tu?"

Agatha alikuwa anaona kivuli cha ukuta kinapanda mwilini mwake, na alijua maana yake nini, jua linashuka. Akafumba macho. Moyoni alikuwa anamwita mama yake.

Kitu kikamwangukia kifuani. Kofia.

"Toka."

"Kofia tupu? Mimi mtu wa Lulindi naonekana mtu wa kofia tupu? Lete shati."

Shati likaja, limekunjwa vizuri, vifungo vimefungwa.

"Raba."

Ikaja ya kulia. Ya kushoto haikuja. Agatha akafumbua macho. Bibi alikuwa amekaa ukingoni, ameipakata raba ya kushoto, na kwa mara ya kwanza alionekana bibi kizee tu, mchovu, na ndonya imemzidi uzito.

"Hii nabaki nayo," alisema. "Nami nina haja yangu. Mimi atanizika nani?"

Agatha alitegemea maneno mengine yote, si hayo. Hofu haikumtoka, lakini huruma ikaja ikakaa juu yake. "Mimi," alisema.

"Unatoka mbali."

"Nitakuja."

"Utanichekesha?"

"Nitakuchekesha mpaka hao saba wageuke."

"Na humo utalala kwanza? Hivyo hivyo ulivyolala?"

"Nitalala, bibi."

"Basi siku utakayoiona raba hii, njoo na jembe. Jina langu Anjelina, la mapadri. Toka sasa, mwenzako anakuita."

Kutoka ilikuwa shughuli, maana mara zote kuna vijana wanne wa kumvuta. Alipanda kwa viwiko na magoti, kucha zimejaa udongo, akazunguka nyumba mbio. Dastani alikuwa ameloa jasho kana kwamba amemwagiwa ndoo. Macho yalikuwa yake. "Dada," alisema, "kofia yangu iko wapi?"

Alimvika kofia, akamvika shati, akamvika raba moja. Jua lilikuwa limekaa juu kabisa ya mkorosho. Hakuaga, hakugeuka. Walitembea, kidogo anamwegemeza, kidogo anambeba, na kabla mwanga haujaisha wakafika mtoni, Majaliwa akawavusha. Zahanati walisema malaria ilikuwa imepanda kichwani, wakampiga sindano za kwinini, na wiki ya pili Dastani alikuwa anakula ugali. Agatha alimshukuru Mungu, akamshukuru na mganga wa zahanati, na kuhusu Anjelina hakumwambia mtu zaidi ya Dastani.

Ila mguu. Mguu wa kushoto wa Dastani ulibaki baridi. Homa ilikwisha, mwili ukarudi, lakini mguu ule, kutoka kifundoni kushuka chini, ulikuwa wa mtu mwingine. Mganga alichoma sindano unyayoni, Dastani anamtazama tu. Akasema ni mishipa. Siku moja Dastani alikanyaga kaa la moto jikoni kwa dada yake, akasimama juu yake anaongea, mpaka Agatha aliposikia harufu. Kila jioni Agatha alikuwa anaukanda kwa maji ya moto, na kila jioni unabaki vile vile.

Misibani Agatha aliendelea kuitwa, akaendelea kuwavunja watu mbavu. Lakini makaburini hakushuka tena. Watu wakasema Mama Isabela amezeeka, amekuwa mvivu. Akawaacha waseme.

Mwaka ulipozunguka, mwezi wa tisa tena, Majaliwa alikuja Lulindi kwa baiskeli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alikuwa na furushi la majani ya mgomba. Ndani yake raba ya kushoto, nyeupe pe, kana kwamba imesuguliwa kwa mswaki.

"Bibi mmoja wa Kimakonde alinikuta ng'ambo juzi asubuhi, ukingoni pale," alisema. "Akasema, mpe Mama Isabela wa Lulindi. Nikamuuliza nimwambie nini, akasema atajua."

"Alikuwa mzima?"

Majaliwa akamshangaa. "Amesimama kwa miguu yake. Kwa nini?"

Agatha akachukua jembe. Dastani akaivaa raba yake, akachukua koleo. "Wewe baki!" Agatha alimfokea. "Nilikutoa kule, nikurudishe tena?"

"Mguu ni wangu," alisema Dastani, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno machache, hayo yalitosha.

Walipofika kule, uwanja haukuwa umefagiwa. Majani yalikuwa yamefika magotini hadi mlangoni, na buibui alikuwa ameufunga mlango kuanzia juu hadi chini. Ndani, kitandani, Anjelina alikuwa amelala chali chini ya kanga. Ilikuwa mifupa mikavu, myeupe, na ndonya imeanguka kando ya kichwa. Huyu hakufa juzi. Alikuwa amekufa zamani. Agatha hakukaa kuhesabu ni miaka mingapi, kwa sababu hakutaka kujua kama inazidi mmoja.

Nyuma ya nyumba, shimo lilikuwa safi, na sakafuni mwake ilikuwapo mistari ya fagio.

Basi akafanya kazi yake. Aliivaa kanga ya bibi, akakaa barazani mikono mapajani, akacheka kile kicheko kinachokatika, akamwambia Dastani ananuka panya. Alimwigiza akiomba kofia. Alimwigiza akisafisha shimo. Alimtukana Anjelina kwa mate yote aliyokuwa nayo, akamwita mchoyo, mla mitego, kizee kilichoazima mwendo wa watu. Dastani hakutaka, lakini akacheka. Kisha Agatha akashuka kaburini, akalala chali, akakunja mikono.

"Pazuri hapa," alisema. "Sitoki mpaka mnipe kitu."

Na hapo ndipo lilipomjia. Anipe nani? Misiba yote aliyowahi kulala kaburini, juu kulikuwa na watu wanaohangaika, watoto, wajukuu, mashemeji. Huyu hakuwa na mfiwa hata mmoja. Akitoka mikono mitupu, Anjelina atakuwa amezikwa kama mtu aliyeokotwa. Asipotoka, basi naye atabaki humo. Upepo ulikuwa umesimama. Pembezoni mwa lile shimo, upande wa matuta saba, Agatha alisikia watu wamekuja wamesimama. Hakuona mtu. Alisikia tu jinsi unavyosikia watu wakikuzunguka umefumba macho, wamesimama na hawana cha kutoa.

Agatha, ambaye hajawahi kulia kwenye msiba wa mtani, akalia kwa sauti. "Jamani, huyu bibi hana mtu?"

"Yuko," alisema Dastani.

Alikuwa amesimama ukingoni, amevua kofia. "Mimi ndiye mfiwa wa Bibi Anjelina," alisema, taratibu, kama anayesema mbele ya watu wengi. "Dada, toka. Nakupa hii."

Akainama, akavua raba ya kushoto, nyeupe pe, ile aliyoingoja mwaka mzima, akairusha. Ikamwangukia Agatha kifuani. Pale juu, waliokuwa wamesimama wakaondoka.

Akatoka. Wakamshusha Anjelina ndani ya kanga yake, na ndonya yake, na raba kando ya mkono, wakamfukia, wakasema Baba Yetu. Kisha wakashika njia, Agatha mbele, Dastani nyuma, mguu mmoja na raba na mmoja mtupu. Ilikuwa saa saba, jua limesimama utosini. Wakaupita mkorosho wa mwisho. Hapo Agatha akasikia nyuma yake mtu anarukaruka.

"Nini tena?" aligeuka, moyo umemruka.

Dastani alikuwa amesimama kwa mguu wa kulia, ameushika wa kushoto kwa mikono miwili, uso umekunjamana.

"Mchanga, dada! Unaniunguza!"

Agatha akapiga magoti pale pale katikati ya njia, akaukamata ule unyayo, akauweka shavuni. Ulikuwa wa moto. Alikaa nao hivyo, analia na kucheka kwa pamoja, mpaka Dastani akachoka kusimama kwa mguu mmoja. Kisha akachana kipande cha kanga yake, akamfunga, akamwambia watembee, mtoni bado ni mbali.